Jinsi ya kusoma datashiti ya chipu ya gari na kuifunga kwenye boda au takisi bila kuichoma

Haipiti wiki bila kijana kufika kwenye benchi langu na bodi imefungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi, anaifungua polepole kama anafungua jeraha, halafu swali ni lile lile: fundi, hii nyumbani ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, nimeifunga kwenye boda imekufa siku ya kwanza, kwani shida iko wapi? Na mwenzake anauliza kama akinunua maikrokontrola (chipu yenye kompyuta ndogo ndani) ile iliyoandikwa ni ya magari, mambo yataisha? Nimechoka kueleza mmoja mmoja, tena wengine wanapiga simu kutoka Busia, Malaba, Kasese huko, na mchoro haupiti kwenye simu, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujawasha chuma cha solda.

Jibu la haraka nakupa sasa hivi. Chipu ya gari imepimwa kwa joto na mateso mengi kuliko ile ya kawaida, ndiyo, lakini ukiipa volti 12 za betri moja kwa moja inakufa vile vile kama nyingine. Kinachookoa bodi ni vitu vidogo vya bei ya chai na chapati unavyoviweka mbele ya chipu. Watu wanamwaga pesa kwenye chipu, mbele wanaweka waya mtupu.

Mfano tutakaotumia ni kengele ya betri: kifaa kidogo kinasoma volti ya betri, ikishuka sana au chaji ikizidi kinalia, na kina relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kukata kitu kama taa au redio. Chipu ni ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno, kwa sababu inapatikana na kila mtu ameishika.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mita ya digitali, ikiwa na kitufe cha MIN/MAX, kinachoshika namba ya chini na ya juu kabisa, ni bora zaidi
- Chuma cha solda, solda yenyewe, na bodi ya matundu
- ATmega328P, kristali ya 16 MHz na kapasita mbili za 22 pF
- Regyuleta LM2940 ya kushusha volti hadi 5 (siyo 7805, sababu iko hatua ya 5)
- Daiodi 1N4007 mbili, na daiodi ya kuzuia mshtuko 1.5KE30A
- Kapasita: 100 µF ya volti 50, 47 µF ya volti 25, na zile ndogo za kauri zilizoandikwa 104 kama tano hivi
- Resista: 47k moja, 10k mbili, 1k moja, 330 moja
- Transista 2N2222, relei ndogo ya volti 12, baza (kile kipande kinacholia), taa ya LED
- Fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake. Relei na vishikio vya fyuzi nenda Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, vinatolewa kwenye magari ya Japani yaliyochinjwa na ni vigumu kuliko vipya vya plastiki laini
- Datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ya kila kitu hapo juu, kwenye simu yako, PDF. Kila kitu nimesema, hata daiodi

Maneno ya umeme yasikusumbue. Volti ni msukumo, ampea ni kiasi kinachopita, omu ni ukinzani, na ukigawanya volti kwa omu unapata ampea. Volti mara ampea ni wati, na wati kwenye bodi maana yake ni joto. Athi ni waya hasi, yaani chuma cha gari lenyewe. Hayo yanatosha, mengine tutakutana nayo njiani.

Hatua ya 1: Pima gari lenyewe kwanza

Usiniambie gari ni volti 12. Weka mita kwenye betri injini ikiwa imezimwa tangu jana: betri nzima inakupa kama 12.6. Washa injini, utaona 13.8 hadi 14.4, hiyo ni altaneta inachaji (kwenye boda ni regyuleta ya pikipiki). Sasa weka mita kwenye MIN na mwambie mwenzako apige stata. Itashuka hadi 9, na kwenye betri iliyochoka inaweza kufika 6, tena mita ya kawaida ni nzito, haikimbii, kwa hiyo ukweli uko chini ya unachokiona.

Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, utazihitaji mbele.

Kuna vitu viwili mita haikuonyeshi. Cha kwanza ni waya wa betri kuchomoka wakati altaneta inachaji kwa nguvu, volti zinaruka ghafla, na kiwango cha ISO 16750-2 kinachotumiwa na watengenezaji wa magari kinahesabu mruko huo kati ya volti 79 na 101 kwenye gari la volti 12 kama hakuna kitu cha kuuzuia. Cha pili ni binadamu. Niliwahi kufunga kengele kama hii kwenye takisi ya jamaa mmoja, betri ikamfia barabara ya Jinja, dereva wa lori akamwonea huruma akampa umeme kutoka kwenye betri zake mbili. Lori ni volti 24. Takisi iliwaka, na kapasita yangu ya volti 16 ikapasuka pa! chini ya dashibodi, abiria wakatoka mbio wakidhani ni moto. Kosa lilikuwa langu mimi, si la mwenye lori. Tangu siku hiyo kapasita ya mbele haipungui volti 50.

Hatua ya 2: Soma jina la chipu hadi herufi ya mwisho

Chipu mbili zinaweza kuandikwa ATmega328P zote na zisiwe kitu kimoja. ATmega328P-PU ni ile ndefu yenye miguu ya kuchomeka, datashiti yake inaahidi digrii -40 hadi 85. ATmega328P-15AZ ni ya gari, ni bapa ya kuchomelea juu ya bodi, inaahidi -40 hadi 125. Texas Instruments za gari zinaishia na -Q1. Mkia wa jina ndio unaobeba habari yote, na ndio muuzaji asiousoma.

Utakutana sana na neno AEC-Q100. Hicho ni kiwango cha baraza la Automotive Electronics Council, lililoanzishwa na Chrysler, Ford na General Motors. Gredi zake zikariri kabisa:

- Gredi 0: -40 hadi 150
- Gredi 1: -40 hadi 125
- Gredi 2: -40 hadi 105
- Gredi 3: -40 hadi 85

Hiyo ni kwa chipu. Transista na daiodi zina yao, AEC-Q101, resista na kapasita AEC-Q200. Kupita mtihani huo si mchezo: wanachukua chipu 77 kutoka kila fungu, mafungu matatu, jumla 231, wanazichemsha zikiwa zinafanya kazi saa 1,000, na hairuhusiwi ife hata moja. Lakini ujue baraza lenyewe halitoi cheti kwa mtu, mtengenezaji anapima mwenyewe na kutangaza, kwa hiyo karatasi ya dukani yenye muhuri wa AEC ni ya kuchekesha tu.

Kosa la kawaida hapa: kuona ASIL B au ASIL D kwenye tangazo la chipu ukadhani ni kiwango cha joto au cha ubora. ASIL inatoka kwenye kiwango cha ISO 26262, ni mambo ya usalama, yaani kifaa kikikosea nani anaumia, A ni nyepesi na D ni nzito kama breki na usukani. Kununua chipu inayofaa ASIL D hakufanyi kifaa chako kuwa ASIL D, mfumo mzima lazima upimwe. Na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba ndugu yangu, usiguse waya wa breki, wa eabegi wala wa usukani na mradi wa benchi. Kengele na taa zinatosha.

Hatua ya 3: Kwenye datashiti tafuta jedwali mbili, ukurasa wa kwanza uache

Ukurasa wa kwanza ni biashara. Fungua PDF, tafuta "Absolute Maximum Ratings". Hilo jedwali ni mpaka wa kifo, si mpaka wa kazi. Kwa ATmega328P linasema volti 6.0 kwenye umeme wake, miliampea 40 kwa mguu mmoja, na 200 kwa miguu ya umeme yote. Vijana wanasoma 40 wanaunganisha kitu cha 40. Hapana! Ukikaa kwenye namba hizo hakuna anayekuahidi kitu, inaweza kufanya kazi leo ikafa Jumanne. Mtengenezaji anapima tabia ya mguu kwa miliampea 20, na mimi sipiti hapo.

Jedwali la pili ni la hali za kufanyia kazi, na hapo usisome namba peke yake, soma namba pamoja na masharti yake. Mfano: ile ya gari inakwenda kuanzia volti 2.7 hadi 5.5, lakini 2.7 ni kwa mwendo wa 8 MHz, ukitaka 16 MHz lazima uwe na 4.5 kwenda juu. Mtu anasoma "2.7 hadi 5.5" na "16 MHz" kwenye mstari mmoja anafikiri vyote anavipata pamoja.

Hata chipu kubwa ziko hivyo. Chukua S32K144 ya NXP, ya magari kabisa, kichwani wameandika 112 MHz. Ukishuka chini kwenye masharti unakuta hiyo 112 ni mpaka digrii 105 tu, ukitaka joto zaidi ya hapo unashuka 80 MHz. Haya si udanganyifu, wameandika, ila wameandika kule chini ambako hatufiki.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya joto

Digrii 85 au 125 kwenye jina ni joto la hewa inayozunguka chipu. Usiangalie hali ya hewa ya Kampala, angalia pale kifaa kitakapokaa. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inapita 60 kirahisi, karibu na eksozi ni jambo lingine kabisa. Maoni yangu: kwa kifaa cha kukaa chini ya kiti au ndani chini ya dashibodi, ile -PU ya kawaida inatosha kujifunzia. Ukienda chini ya boneti, tafuta Gredi 1 au usiende.

Kinachopikwa zaidi ni regyuleta. Tuseme umeongeza GPS na moduli ya simu, vyote vinakula ampea 0.2 kwenye volti 5. Gari linachaji 14.4. Tofauti ni 9.4, mara 0.2 ni wati 1.88. Regyuleta ya umbo la TO-220 bila bati la kupoza inapanda kama digrii 60 kwa kila wati, hiyo ni 113, ongeza hewa ya digrii 35, umefika 148, na LM2940 mwisho wake wa kazi ndani ni 125. Inaweza kujizima, ikapoa, ikawaka, ikajizima tena, na wewe utasema chipu ni feki. Funga kipande cha bati. Kwa kengele yetu peke yake, chini ya miliampea 50, haina shida.

Hatua ya 5: Jenga njia ya umeme, taratibu

Hapa usikimbie. Karibu kila bodi iliyokufa inayoletwa kwangu imefia hapa. Mpangilio kutoka betri kwenda chipu ni huu:

1. Toa umeme kwenye waya unaowaka na ufunguo, usitoe betri moja kwa moja. Kwenye michoro ya magari mengi waya wa ufunguo unaitwa 15, wa betri moja kwa moja 30, athi ni 31.

2. Fyuzi ya ampea 1, karibu kabisa na pale unapotoa umeme, siyo karibu na bodi. Fyuzi inalinda waya, na ukiiweka mwisho wa waya mita nzima ya waya inabaki haina mlinzi, ikisuguliwa na chuma cha boda unapata moto kweli.

3. Daiodi 1N4007 kwenye mstari wa chanya, mstari wake mweupe ukitazama kwenye bodi. Hii ni ya siku utakapogeuza waya, na utageuza. Inakula kama volti 0.7, kumbuka hiyo.

4. Baada ya daiodi, 1.5KE30A kutoka chanya kwenda athi, mstari wake ukitazama chanya. Siku ya kawaida inalala. Volti zikipita kama 28.5 inaanza kufunguka na kumwaga mshtuko kwenye athi, na kwenye mshtuko mkubwa inashikilia kama 41. Usichukue ya volti ndogo kama 15 au 18 ukidhani inalinda zaidi, siku ya lori la volti 24 itafunguka na kubaki wazi mpaka ichemke iungue. Na kwa lori lenyewe au altaneta ya kizamani isiyo na ulinzi, hii ni ndogo, tafuta za familia ya SM8S.

5. Kapasita 100 µF ya volti 50 na 104 moja pembeni yake, zote kwenda athi. Kubwa ni tangi la akiba, ndogo inakamata kelele za haraka ambazo kubwa haiziwezi.

6. LM2940. Sasa sababu ya kukataa 7805: inataka kama volti 7 ili itoe 5, ongeza 0.7 ya daiodi, ukipiga stata na betri ikashuka 6 chipu inazimika. LM2940 kwa mzigo mdogo inataka juu kidogo tu ya 5. Hesabu: 6 toa 0.7 ni 5.3, bado inatosha. Halafu 7805 mwisho wake wa kuingiza ni volti 35, na tumesema daiodi ya mshtuko inashikilia 41, umeona hapo? LM2940 ilitengenezwa kwa ajili ya gari, volti zikizidi 26 na kitu inajifunga yenyewe mpaka zishuke, na ukiigeuza haifi.

7. Kwenye mdomo wa LM2940, yaani mguu unaotoa volti 5, weka 47 µF, karibu nayo. Datashiti inadai isipungue 22. Ukiweka ndogo au ukaisahau, regyuleta inatetemeka, mita inaonyesha 5 safi kabisa lakini ndani umeme unacheza ngoma. Hii imenila siku mbili zamani, sitaki ikule wewe.

8. Kila mguu wa umeme wa chipu na 104 yake, umbali usizidi upana wa kidole. ATmega ina miguu ya umeme VCC na AVCC (AVCC ni ya sehemu ya analogi, inayopima volti), unganisha zote mbili hata kama hutumii analogi. Athi zake zote mbili pia.

Kabla ya kuchomeka chipu, washa njia hii tupu na upime. Ukiona 4.9 hadi 5.1 endelea. Ukiona 7 au 12, shukuru Mungu chipu bado iko mezani.

Hatua ya 6: Kusoma betri

Mguu wa chipu hauwezi kuona volti 14, kwa hiyo tunaigawa. Resista 47k kutoka chanya ya gari (kabla ya daiodi, baada ya fyuzi) kwenda mguu wa analogi, na 10k kutoka mguu huo kwenda athi, na 104 sambamba na hiyo 10k. Kinachofika ni sehemu moja ya 5.7. Volti 14.4 inakuwa 2.53, na chipu inayohesabu hadi 1024 kwa volti 5 inakusomea kama 517. Mpaka wake ni volti 28.5, kwa hiyo hata siku ya lori mguu uko salama. Resista haziko sawasawa na rangi zake, kwa hiyo pima kwa mita, linganisha, na urekebishe namba kwenye programu.

Mguu wa kuingiza usiouunganisha na kitu unaelea, unasoma chochote, hata mkono wako ukipita karibu. Kwa kitufe weka 10k kwenda volti 5, au washa ile ya ndani ya chipu. Mguu wa RESET, ule wa kuiwasha chipu upya, pia upewe 10k yake kwenda 5, kwenye gari hiyo ni lazima.

Hatua ya 7: Kutoa kazi nje

LED: volti 5 toa 2 ya taa ni 3, gawanya kwa 330, miliampea 9. Safi.

Relei ya gari inakula mia na zaidi, zile ndogo za bodi chini ya hapo, zote haziwezi kubebwa na mguu wa chipu. Tumia ndogo. Mguu unapitia 1k kwenda besi ya transista 2N2222, emita athi, kolekta kwenye koili ya relei, upande wa pili wa koili volti 12. Halafu 1N4007 ya pili kuvuka koili, mstari wake ukitazama volti 12. Ukiisahau hii daiodi, kila relei inapozima koili inarudisha teke la volti nyingi, transista inakwenda, na chipu inachanganyikiwa. Ukiiweka kinyume ni shoti moja kwa moja, moshi utakuambia. Baza ndogo ya volti 5 isiyozidi miliampea 20 unaweza kuiweka moja kwa moja kwenye mguu, ikizidi hapo ipitie transista.

Hatua ya 8: Programu na mtihani wa mezani

Kwenye mipangilio ya chipu washa ulinzi wa volti kushuka, brown-out, uweke 4.3. Bila hiyo, volti ikishuka polepole chipu haifi vizuri, inakuwa kama mlevi, inatekeleza amri ovyo na inaweza kuharibu kumbukumbu ya EEPROM. Washa pia wochidogi ili programu ikikwama ijiamshe yenyewe.

Mezani tumia kifaa cha umeme chenye volti za kurekebisha: shuka hadi 6, panda hadi 16, zungusha haraka, geuza waya makusudi. Ikivumilia hayo yote jioni nzima, ndipo uende kwenye boda. Fundi anayejaribia kwenye boda ya mteja tutakutana naye kwenye benchi.

Wale wanaouliza kuhusu CAN

Najua mtauliza. CAN ni laini ya nyaya mbili ambayo kompyuta za gari zinaongea kwayo. Kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomeka mashine ya kusoma makosa ya gari) ya magari mengi ya karibuni mguu wa 6 ni CAN-H, wa 14 ni CAN-L, wa 16 ni betri, wa 4 na 5 ni athi. Zima gari kabisa, pima omu kati ya 6 na 14, ukipata karibu 60 basi resista mbili za 120 za mwisho wa laini zote zipo. Ukipata 120 moja imekatika. ATmega328P haina CAN ndani, inahitaji chipu za nje. Kwa anayeanza, sikiliza tu, usitume kitu, gari likiwa linatembea ndiyo kabisa usitume.

Ikikataa, angalia hapa

Inajizima na kuwaka ukipiga stata: pima volti 5 kwa MIN wakati wa stata. Ikishuka, angalia kama uliweka 7805 kwa siri, au kapasita ya 100 imechomekwa vibaya, au unatoa umeme kwenye waya ambao ufunguo unaukata wakati wa stata, kwenye magari mengi waya wa redio uko hivyo.

Inajiwasha upya relei inapozima: daiodi ya koili, nimeshasema. Kama ipo, basi athi ya relei na athi ya chipu zinapita waya mmoja mwembamba, tenganisha, zikutane mahali pamoja tu kwenye athi ya regyuleta.

Namba ya betri inaruka ruka: 104 kwenye mguu wa analogi, na AVCC. Mara nyingi ni AVCC.

Chipu haikubali programu: kristali, 10k ya RESET, na kama chipu ni ya rangi ya ajabu ipanguse kwa pamba yenye asetoni. Maandishi yakifutika na chini yakatokea mengine, umeuziwa chipu iliyopakwa jina.

Betri ya boda inakufa ikikaa: umetoa umeme kwenye waya wa betri moja kwa moja. LM2940 peke yake inakula kama miliampea 10 hata bila kazi, chipu 15, jumla 25, kwa siku ni 0.6 Ah (ampea mara saa). Betri ya 5 Ah kwa siku nne tu stata inaanza kulia kwa uchovu. Hamisha kwenye waya wa ufunguo.

Asubuhi inafanya kazi, saa nane mchana inakufa, jioni inafufuka: ama ni joto, rudi hatua ya 4, ama ni solda iliyopasuka. Bonyeza kila kipande na kijiti cha mbao bodi ikiwa inawaka, ukigusa pa ugonjwa utaona LED inapepesa. Kwenye boda mara nyingi ni miguu ya kristali na ile kapasita kubwa, mtetemo unaivunja polepole. Rudia solda, halafu vishikize na silikoni, lakini inuse kwanza: ikinuka siki hiyo irudishe dukani, inakula shaba ya bodi. Tafuta isiyo na harufu hiyo, iache ikauke usiku mzima kabla ya kufunga kasha.